Maji Hubebwa na wa Nyuma

Kaka mtu alipomvalisha mkewe ile kofia ngumu nyekundu, Kitinda alikuwa amechuchumaa mlangoni mwa stoo akikunja kamba. Kamba ikamponyoka. Akaiokota, akaanza kuikunja upya, macho yake yakiwa palepale kwenye kofia.

Kofia zilikuwa nyingi mle stoo, za njano zote, zimetundikwa ukutani kama maboga. Nyekundu ilikuwa moja tu, na ilikuwa ya anayetangulia.

Kazi ya ile familia ilikuwa kushusha watu korongoni. Mgeni hupanda mlima kwa miguu yake mwenyewe, akifika juu anaanza kushuka na mto: maporomoko anayateremka kwa kamba, vidimbwi anaogelea, mawe anatambaa, mpaka anatokea chini darajani ambako pikapu inamngoja. Waongozaji huwa wawili. Wa mbele hubeba kamba na vyuma, hushuka kabla ya wote, hupima kina cha maji kwa miguu yake, na akiridhika hupuliza filimbi. Wa nyuma hushuka wa mwisho. Na kwa kuwa wa mbele ameshalemewa na mzigo, maji ya kunywa ya waongozaji wote wawili hubebwa na wa nyuma. Ndivyo walivyokuwa wakifanya siku zote.

Kitinda alikuwa wa nyuma tangu alipomaliza darasa la saba. Jina lenyewe la Kitinda alipewa nyumbani, kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango wa uzazi wa mama yao. Wa mbele alikuwa kaka yake, aliyemlea, aliyemfundisha kufunga fundo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Korongoni walikuwa hawasemezani. Kaka akifika mahali pa kupumzika, chupa ilikuwa tayari mkononi mwake kabla koo halijamkauka.

Kisha kaka akaoa. Na miezi michache baadaye, mtu yule aliyeshuka maporomoko yote pasipo hata mkwaruzo akaenda kuteleza kwenye sabuni bafuni kwake, kifundo cha mguu kikavimba kama kiazi.

Nani atatangulia? Kitinda hakuuliza. Hata kuuliza aliona ni kujishusha. Jana yake alikuwa ameichukua ile kofia nyekundu akaisugua ukanda wake kwa sabuni na mswaki wa zamani, ukatakata, akauanika. Kumbe alikuwa anamfulia mwenzake.

"Nyuma sina mtu wa kuziba nafasi yako," kaka alimwambia, akiegemea gongo. "Nyuma ndiko kwenye macho. Wifi yako kamba anazijua, lakini wageni bado hajawazoea. Umenielewa, mdogo wangu?"

"Nimekuelewa."

Maneno matamu kweli. Kitinda aliyameza kama dawa ya minyoo.

Kwamba wifi yake kamba anazijua, hapo hakuwa na la kupinga. Kabla ya kuolewa alikuwa mpaka rangi wa maghorofa, mtu wa kuning'inia ukutani siku nzima na ndoo ubavuni. Kaka alikuwa anapita zake chini, tone la rangi ya kijani likamdondokea begani, akanyanyua kichwa kugomba, akakuta mtu anamcheka kutoka ghorofa ya sita. Hadithi hiyo kaka aliisimulia kwa kila mgeni. Kitinda alikuwa ameshaichoka mpaka ile rangi ya kijani yenyewe alikuwa haitaki hata kwenye kitenge.

"Kaka, jua linapanda," alisema sasa.

"Subiri. Namkaza mkanda."

"Ana mikono."

"Wivu huo!" wifi alicheka. "Mwache mume wangu anifunge, wifi. Nikidondoka utasema alinifunga vibaya."

Kaka akamfunga mkanda, akaulegeza, akaukaza tena. Kisha akamvutia zipu ya suti ya mpira mpaka shingoni kuona kama inamkaa, akarudi nyuma hatua, akamtazama. "Imekukaa," akasema. Jua lilikuwa limeshapita paa la stoo. Siku za kiangazi kama kile, saa hizo walitakiwa wawe wameshaukaribia mlima.

Wageni walikuwa wawili, mume na mke. Mume alikuwa mwokaji mikate, mnene, mwenye mikono yenye vijialama vya kuungua. Mkewe ndiye aliyekuwa akiuza dukani, na ulimi wake ulikuwa wa dukani hasa.

"Mimi nimezoea tanuri," mwokaji alijigamba pikapu ilipowashusha mwanzo wa njia. "Hili kwangu ni vuguvugu."

"Umezoea ukiwa nje ya tanuri," mkewe akamjibu. "Leo wewe ndiye mkate."

Wifi alicheka mpaka akainama. Akatangulia na begi lake la kamba, kofia nyekundu inawaka juani, suti nyeusi imefungwa zipu mpaka kidevuni.

Kitinda aliona. Suti ya mpira huvaliwa nusu wakati wa kupanda: miguu ndani, sehemu ya juu unaikunja, mikono yake unaifunga kiunoni, na unabaki na fulana mpaka ufike kwenye maji. Suti ile imetengenezwa kuzuia baridi isiingie. Ukiivaa juani inazuia joto lisitoke. Kila safari kaka alilisema hilo kwenye kona ya kwanza ya njia, palipo na jiwe la kukalia. Leo kaka hakuwepo kwenye kona, na wifi alikuwa ameshaipita, anapanda kwa kasi ya mtu anayetaka kuonekana anajua.

Kitinda alifungua mdomo. Akaufunga.

Anayetangulia ndiye anayetoa amri, alijiambia. Si ndiye mwenye kofia?

Akawageukia wageni. "Kunjeni suti, mfunge mikono kiunoni. Kunyweni maji sasa hivi, msingoje kiu. Na kila mkiona kivuli, simameni." Aliwaambia kwa sauti iliyowatosha wageni tu.

Njia ilikuwa nyeupe, vumbi tupu. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Mwanzoni wifi alikuwa akiongea mfululizo kule mbele, mara akimwonyesha mwokaji mjusi, mara akimsimulia jinsi alivyowahi kupaka rangi dirisha la watu pamoja na kioo chake. Kitinda alisikiliza kila neno. Alilokuwa akilitafuta ni kosa, na akawa halioni. Miguu ya wifi ilikanyaga mahali panapostahili. Wageni walishampenda. Hata mke wa mwokaji, ambaye alionekana hampendi mtu haraka, alisema, "Huyu mwenzako ana raha kama nini!"

"Sana," Kitinda alisema.

Kwenye kivuli cha kwanza walikaa. Kitinda alitoa chupa begini, akanywa, akafuta mdomo kwa kiganja. Wifi aliketi jiwe la pili, uso umeiva, jasho linamtiririka shavuni mpaka kwenye zipu. Aliitazama ile chupa. Kitinda alimwona akiitazama, akaishusha mapajani na kuishikilia pale, kifuniko wazi.

Aombe, alisema moyoni. Neno moja tu. *Wifi, nipe maji.* Aombe kama mtu anayemhitaji mwenzake, nami nitampa yote.

Wifi akageuza uso, akaanza kumfundisha mwokaji kubana mkanda wake.

Kwa nini haombi, Kitinda alikuwa anajua. Wiki iliyopita, walipokuwa wakimfundisha njia, wifi aliomba maji kila walipopita jiwe, na alikuwa sahihi kabisa kufanya hivyo. Lakini jioni, walipokaa nje ya stoo pamoja na dereva na yule mama anayefua suti, Kitinda alisema kwa sauti, "Kaka, hebu niambie ukweli. Ulioa mke, au ulioa tangi?"

Dereva alicheka mpaka akajishikiza kwenye tairi. Mama wa suti alitoa machozi. Hata kaka alitabasamu, na wifi mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote, akajipiga tumbo: "Tena la kwenye paa, lile kubwa!" Lakini tangu jioni ile hakumwomba Kitinda hata tone. Kitinda alikuwa ameligundua hilo, na lilikuwa limemkalia vizuri moyoni, kama kiti kipya.

Walipoendelea kupanda, maneno ya wifi yakapungua. Kisha yakakoma.

"Mwenzako mbona kimya?" mke wa mwokaji aliuliza.

"Amenuna," Kitinda alijibu. "Akinuna ndivyo alivyo."

Na kweli aliamini. Alimwona amempa kisogo, hageuki, hajibu hata mwokaji alipomtania, na kila kitu akakisoma kama kiburi. Kofia nyekundu imempanda kichwani, alijisemea. Siku moja tu mbele, tayari hatujui. Kivuli cha pili wifi alikipita bila kusimama, na Kitinda akachukulia kuwa amefanya makusudi, kumwonyesha kwamba yeye hachoki. Basi naye akakaza mwendo, wageni wakihema nyuma yake, na maji yakichezacheza mgongoni mwake, mazito, karibu yote bado yamo.

Kule juu korongo lilikuwa limebadilika. Mwanzo wa kiangazi huwa kuna maji tangu jiwe la kwanza, na mtu akitumbukia tu anasahau jua. Sasa vidimbwi vya juu vilikuwa vimekauka, vimebaki na ukoko wa matope uliopasukapasuka. Kuta za mawe zilikuwa zimelinyonya jua tangu asubuhi na sasa zinalitema. Ilibidi kushuka maporomoko mawili makavu kwa kamba ndipo wafike juu ya la tatu, ambalo chini yake maji yalikuwa hayakauki mwaka mzima.

La kwanza wifi alishuka vizuri, filimbi ikalia. La pili alishuka, halafu kimya. Kitinda aliinama ukingoni. Wifi alikuwa amesimama chini na filimbi mdomoni, haipulizi.

"Wifi! Tuje?"

Wifi aliinua mkono polepole, kama anayefukuza inzi. Filimbi ikatoa mlio mdogo.

*Ananidharau mbele za wageni*, Kitinda aliwaza, na roho ikamuuma vibaya. Akawashusha wageni, akashuka yeye mwisho, akaivuta kamba. Walipofika juu ya poromoko la tatu alisikia maji yakilia kule chini, urefu wa ghorofa moja tu, na ubaridi wake ukampanda usoni. Mwokaji akasema asante Mungu.

Wifi alikuwa ameshafunga kamba kwenye pete za ukutani. Alichukua kulabu ya kujishikiza kwenye kamba, akaipeleka kiunoni, akaibana. Kisha akakaa ukingoni, miguu inaning'inia, akaanza kujisogeza.

Kitinda aliangalia kulabu.

Haikuwa kwenye kitanzi cha mbele cha mkanda, kinachobeba mtu. Ilikuwa kwenye kile chembamba cha pembeni, cha kuning'inizia filimbi na kisu, ambacho hata kuku mnene asingekitegemea. Uzito ukikiingia tu, kinakatika.

Na hapa, kwa muda wa kupepesa jicho, Kitinda alifurahi. Hili ndilo kosa. Hili hapa, tangu asubuhi nalitafuta. Akilini alimwona kaka akisikia habari yake, alimwona kaka akiivua ile kofia na kuitundika.

Kisha akaona kwamba wifi hajasimama, anazidi kujisogeza, na mkono wake mmoja umeshaachia jiwe.

Alimrukia. Alimshika ukosi wa suti kwa mikono miwili akamvuta nyuma, wakaanguka pamoja juu ya mawe, mke wa mwokaji akapiga yowe.

"Una wazimu?" Kitinda alifoka. "Umejifunga wapi? Angalia! Angalia ulikojifunga!"

Wifi hakuangalia. Alilala palepale alipoangukia, kichwa mapajani mwa Kitinda. Kitinda alimgeuza uso. Shavu lilikuwa jekundu, kavu kabisa. Jasho lote lile la asubuhi halikuwepo. Aliweka kiganja shingoni, akakitoa kama aliyegusa pasi.

"Wifi. Wifi, nani mumeo? Niambie jina la mumeo."

Wifi alisogeza midomo. "Ndoo," alisema. "Vuteni ndoo. Rangi itaganda."

Kitinda alijua hii ni nini. Kaka yake alimfundisha tangu akiwa mdogo: mtu akikasirikia jua bado ni mzima, mtu akinyamaza, akakauka, akaanza kusema yasiyokuwepo, huyo jua limeshamwingia ndani na linampika. Alama zote aliziona njia nzima, moja baada ya nyingine, kwa macho yake mwenyewe. Aliziona na akaziita kiburi.

"Kisu," alimwambia mwokaji. "Kiko begini, mfuko wa juu. Haraka, kaka yangu!"

Zipu ilikuwa imekwama kwa vumbi, hakuhangaika nayo. Aliipasua suti kuanzia shingoni mpaka kiunoni, suti mpya iliyokuwa bado na harufu ya dukani. Walimburuta hadi chini ya jiwe lililoinama, penye kivuli. Kitinda alifungua chupa zake zote za maji, akammiminia kifuani, kwapani, shingoni, akalowesha fulana yake mwenyewe na kumfunika nayo. Mke wa mwokaji alivua kofia akapepea kwa nguvu zote, huku machozi yanamtoka na ulimi haukomi: "Pumua mama, pumua, wewe si wa kufia huku, una umri gani wewe, pumua."

"Mpe anywe!" mwokaji alisema.

"Bado. Hajajijua, yatampalia. Kwanza tumpoze."

Maji yakaisha, ikabaki chupa moja tu ya wageni. Yalikuwa mengi kuliko yalivyopaswa kuwa saa hizo, na sababu yake Kitinda aliijua, wala hakutaka kuiwaza. Redio ya mkononi ilikoroma tu; kuta zilikuwa zinakata mawasiliano yote. Chini yao, urefu wa ghorofa moja, kulikuwa na kidimbwi kizima cha maji baridi.

Aliwaza, akaamua. Alimfunga wifi mkanda upya, akavuta kila kifundo mara mbili, akamuunganisha kwenye kitanzi chake mwenyewe, kifua kwa kifua. Akawaambia wageni, "Mtakaa kivulini hapahapa. Hakuna kukaribia ukingo. Nikimweka sawa nitawaita mmoja mmoja, nami nitawashikia kamba kutoka chini. Mnanisikia?" Mwokaji, mtu wa kujigamba, aliitikia kwa kichwa kama mtoto wa shule.

Kitinda alishuka. Uzito wa watu wawili ulikuwa kwenye kamba moja, mkono wake wa kulia unaungua. Kichwa cha wifi kilikuwa kimeegemea begani kwake. Tangu aletwe nyumbani kama bibi harusi, walikuwa hawajawahi kukumbatiana hivi. Siku ile ya harusi Kitinda alimpa shavu upande mmoja tu, akajitia anawahi jikoni. Sasa pumzi ya mwenzake, ya moto na fupi fupi, ilimpiga sikioni, na alijikuta akizihesabu zisije zikakosekana.

"Usinifanyie hivi," alimnong'oneza. "Nichukie, nitukane, mwambie kaka chochote. Ila usinifanyie hivi."

Maji yaliwafika kiunoni, baridi ya kukata. Alimlaza chali, akamshika kichwa juu ya maji kwa mikono miwili, akangoja. Alingoja sana. Midomo yake mwenyewe ilianza kutetemeka. Ndipo wifi alipofumba macho, akayafumbua, na macho yale yakawa na mtu ndani.

"Baridi," alisema.

"Ndiyo. Baridi."

"Kofia yangu iko wapi?"

Kitinda alicheka na kulia kwa pamoja. Alimsogeza kwenye jiwe la pembeni penye kivuli, akamkalisha, nusu mwili ukiwa majini. Alimwita mwokaji, naye akamteremshia chupa ya kwao kwa kamba, Kitinda akamnywesha kidogo kidogo, funda moja, anasubiri, funda jingine.

Baada ya funda la tatu wifi aliishika chupa mwenyewe. Aliitazama.

"Ulikuwa nayo," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yake. "Njia nzima ulikuwa nayo maji."

"Ungeomba."

"Niombe ili jioni mnicheke tena?"

Kitinda alitazama maji. Alitafuta pa kujifichia, akakumbuka kamba, utaratibu, kwamba wa mbele ndiye anayeamuru, kwamba suti haikuwa yeye aliyeifunga. Vyote vilikuwa kweli na hakuna hata kimoja kilichotosha.

"Nilitaka uombe," alisema mwishowe. "Nilitaka nikuone unaniomba."

Wifi aliishusha chupa mapajani. "Basi umeniona," alisema, akafumba macho tena, safari hii kwa uchovu tu.

Kitinda aliwashusha wageni mmoja mmoja, akiwashikia kamba kutoka chini. Hawakuendelea na safari. Walikaa pale kando ya kidimbwi, kivulini, mpaka jua lilipohama korongoni, hadi kaka mtu, alipoona wamechelewa, alipowatuma dereva na vijana wawili kupandisha kutoka darajani na machela. Yeye mwenyewe alikuwa anawangoja barabarani, ameegemea gongo, uso wa majivu. Alimpita dada yake kama mti, akaenda kwenye machela. Kitinda aliona. Hata saa ile, baada ya yote, kitu kidogo kilimchoma ubavuni. Kisha aliona kaka ameliangusha gongo bila kujua, amesimama kwa mguu mbovu, akaona haya.

Zahanati ilikuwa na vitanda vinne na feni inayozunguka kwa kulalamika. Muuguzi alimtundikia wifi dripu, akampima, akampima tena, akasema figo ziko salama na Mungu anapenda watu fulani bila sababu. Mwokaji na mkewe walikuja na mkate uliokunjwa gazetini, wakamsifu Kitinda mbele ya kaka yake mpaka akatamani sakafu impasukie.

"Huyu binti alimbeba kama mwanawe!" mke wa mwokaji alisema. "Angekuwa mwingine, tungekuwa tunazungumza mengine sasa hivi."

Wageni walipoondoka, kaka akakaa kwenye kiti cha plastiki katikati yao. "Nimekosea mimi," alisema. "Zipu nilifunga mimi. Nikawachelewesha mimi. Nafasi ya mbele nilipaswa kukupa wewe, Kitinda, tangu mwanzo. Mguu wangu ukipona au usipopona, kofia ni yako."

Maneno ambayo alikuwa ameyangoja miaka yote. Yalifika, na Kitinda akakuta hana pa kuyaweka. Alimtazama wifi. Alijua kwamba neno moja kutoka kitandani pale lingetosha kulifuta lile la kaka. Wifi alikuwa anakumbuka kila kitu. Ilikuwa wazi usoni.

"Kaka," Kitinda alianza, "maji mimi..."

"Mimi nimekubali," wifi alimkatiza. "Atangulie. Anastahili. Kamba anazijua na njia anaijua." Alijiinua kwenye mto, sindano ya dripu ikamvuta, akasonya. "Ila na mimi nina langu. Sibaki stoo kukunja suti. Nataka nyuma."

"Wewe?" kaka alishangaa. "Nyuma? Hukusema siku zote unapenda kuona mbele?"

"Nimebadilisha mawazo. Nyuma ndiko kwenye macho, si ulisema mwenyewe? Maji nitabeba mimi."

Alisema hivyo akimtazama Kitinda, si mumewe. Kaka hakuona chochote. Alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, akawapiga wote wawili begani, akasema Mungu amempa wanawake wa chuma, akatoka nje kwa gongo lake kumtafuta dereva.

Feni ililalamika. Kitinda alivuta kile kiti cha plastiki karibu na kitanda, akakaa. Alikuwa amepata alichokitaka, na aliyempa alikuwa mtu ambaye tangu sasa ndiye atakayekuwa nyuma yake jua likiwaka, na maji yote mgongoni.

"Utanipa?" aliuliza.

Wifi alilichukua swali lile akakaa nalo, bila haraka, kama mtu aliye na haki ya kukaa nalo.

"Nitakupa kabla hujaomba," alisema. "Kila kivuli. Hata usipotaka. Nitakunywesha mpaka uchoke kuniona."

Kama kilikuwa kitisho au wema, Kitinda hakuweza kujua, na aliona hana haki ya kuuliza.

"Tutakuwa tunaondoka alfajiri," alisema. "Na suti utaikunja kiunoni."

"Nitaikunja, mtangulizi."

Neno lile, mtangulizi, lilitoka likiwa na ukali kidogo pembeni. Kitinda alilipokea lilivyo, akavunja kipande cha mkate, akampa wifi kwanza.

Wifi alikiangalia kile kipande. Kisha akakivunja tena, wakala.